Maji ya Madafu, Damu ya Ndama na Ile 22 Yangu

Wengi mmezoea kunisoma hapa nikilalamika kuhusu hifadhidata na seva zisizotaka kuamka Jumatatu asubuhi. Leo nivumilieni kidogo, maana nataka kuzungumzia supu. Si supu ya kongoro wala ya kuku wa kienyeji, bali ile ambayo seli hai hulishwa zikiwa ndani ya chupa, mbali na mnyama au mmea zilikotoka. Wenyewe maabarani huiita midia. Mimi niliijua kwa njia mbaya: niliiharibu.

Ilikuwa hivi. Maabara moja ndogo iliyo kati ya Ruiru na Thika (jina nalificha) iliniomba niwaandikie programu ya kukokotoa vipimo vya midia. Wao huzalisha miche ya migomba chupani, ile ambayo wakulima huiita ndizi za tishu kalcha. Kazi nikaiona nyepesi: jedwali la kemikali, zidisha kwa idadi ya lita, toa gramu. Siku tatu nikamaliza, nikalipwa, nikasahau. Wiki kadhaa baadaye mama anayesimamia chumba cha chupa akanipigia simu. Hakugomba. Alisema tu, "Kijana wangu, njoo uone watoto wako."

Nikaenda. Kwenye rafu kulikuwa na chupa zaidi ya 200, na ndani yake, badala ya vichipukizi vya kijani vilivyosimama wima, kulikuwa na mabonge meupe yaliyovimba kama koliflawa. Hakuna jani hata moja lililoinuka. Miche hiyo ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa Gatanga waliokwisha lipa arubuni na kuchimba mashimo wakisubiri mvua ndefu.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye jedwali niliweka safu inayoitwa "kiasi" bila kuweka kipimo. Maelekezo mengine ya maabara huandikwa kwa miligramu kwa lita, mengine kwa maikromoli kwa lita. Homoni yao, BAP, ilikuwa imeandikwa 22, yaani maikromoli 22, ambazo ni karibu miligramu 5. Programu yangu ikasoma miligramu 22. Migomba ikapewa zaidi ya mara nne ya dozi. Waliosomea fani yetu watakumbuka chombo cha Mars Climate Orbiter kilichopotea mwaka 1999 kwa sababu timu moja ilihesabu kwa pauni na nyingine kwa nyutoni. Nilikuwa nikikitumia kama mfano wa kuchekesha nikifundisha vijana. Siku hizi sicheki.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua nani aliamua kwamba mgomba ule nini, na kwa nini namba hizi ni hizi na si nyingine.

Tuanze na kilichomo ndani ya chupa ya Thika. Midia inayotumika sana kwa mimea duniani inaitwa MS, kwa majina ya Toshio Murashige na Folke Skoog wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliochapisha kichocheo chake mwaka 1962. Katika lita moja kuna miligramu 1,650 za amonia naitreti, 1,900 za potasiamu naitreti, halafu kalsiamu, magnesiamu, fosfati, chuma, na chembe chembe za zinki, boroni, shaba na wenzao. Ongeza vitamini kidogo, gramu 30 za sukari, na agari ya kuigandisha kama jeli. Asidi hurekebishwa hadi pH 5.7 au 5.8, kisha kila kitu hupikwa kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Mkulima yeyote akiitazama orodha hiyo ataitambua: ni mbolea yenye sukari. Sukari ni ya lazima kwa sababu kipande cha mgomba kilicho chupani hakiwezi kujitengenezea chakula cha kutosha kwa mwanga wa taa. Lakini sukari hiyo hiyo ndiyo karamu ya ukungu na bakteria, na ndiyo maana kazi yote hufanywa kwa usafi wa chumba cha upasuaji.

Namba hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi watu walijaribu kukuza tishu za mimea kwa chumvi na sukari peke yake na zikadumaa. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walikuwa wakihangaika na viinitete vichanga vya mmea wa datura, vinavyokufa vikitolewa kwenye mbegu mapema. Wakajaribu maji ya nazi. Viinitete vikakua. Naam, madafu! Kitu ambacho Mombasa hunywewa kando ya barabara kiliingia maabara za Marekani kama dawa ya ajabu, na Frederick Steward wa Cornell akaendelea kukitumia hadi, mwaka 1958, akaonyesha seli za karoti zikijipanga upya kuwa viinitete. Ukifikiri, si ajabu sana. Maji ya nazi ni chakula ambacho mnazi umekiandaa kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua ndani ya madafu kuna nini hasa. Nazi moja si sawa na nyingine. Kwa lugha yetu ya programu, ilikuwa maktaba ya nje inayofanya kazi vizuri ila hatuna msimbo wake, na kila toleo lina tabia yake. Skoog alitaka kuufungua msimbo huo. Akiwa na Carlos Miller walitafuta kitu kinachoamsha mgawanyiko wa seli, na mwaka 1955 wakakipata mahali pasipotarajiwa: kwenye chupa kuukuu ya DNA ya mbegu za samaki aina ya herring. Walipoagiza DNA mpya haikufanya kazi, mpaka walipoipika kwa shinikizo. Kumbe uzee na joto ndivyo vilivyoivunja DNA na kuzalisha kitu hicho, wakakiita kinetini. Ikawa ya kwanza katika jamii ya homoni zinazoitwa saitokinini. BAP niliyoivuruga mimi ni ndugu yake, na baadaye saitokinini zilipatikana ndani ya maji ya nazi yenyewe.

Mwaka 1957 Skoog na Miller walionyesha jambo ambalo mama yule wa maabara alinieleza kwa mkono, akiinua kidole kimoja na kushusha kingine. Ukiweka saitokinini nyingi na oksini kidogo, tishu hutoa machipukizi. Ukigeuza, hutoa mizizi. Zikilingana, unapata bonge lisilo na sura. Na ukizidisha saitokinini kupita kiasi kwa mgomba, vikonyo vya kukulia huongezeka bila kikomo na hakuna kinachorefuka. Ndiyo koliflawa yangu. Tena kuna maabara ambazo huitafuta hali hiyo kwa makusudi, kwa dozi ya karibu maikromoli 100, zinapotaka tishu ya utafiti. Miligramu 22 ni karibu maikromoli 98. Bila kujua, nilikuwa nimewapikia kichocheo cha watu wengine kabisa.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika hadithi hii ni ya Murashige. Alikuwa mwanafunzi wa Skoog, na waliona kwamba wakiongeza maji ya majani ya tumbaku kwenye midia ya zamani, tishu ya tumbaku inakua mara nne au tano zaidi. Kwa kawaida mtu angedhani: hapa kuna homoni mpya! Walipochunguza, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo haikuwa homoni yoyote. Ilikuwa ni chumvi za kawaida. Midia ya zamani ilikuwa na njaa tu. Wakaongeza naitrojeni na potasiamu, wakazipima upya moja baada ya nyingine, na hapo ndipo zilipotoka zile 1,650 na 1,900 ambazo leo zinapimwa kwenye mizani pale Thika.

Tuje nyumbani sasa. Katika miaka ya 1980 na 1990 migomba ya Kenya ilikuwa inaugua: mnyauko wa Panama, ugonjwa wa sigatoka, fukusi, minyoo ya mizizi. Mkulima alikuwa akipanda chipukizi aliyopewa na jirani, na pamoja na chipukizi akapewa udongo, na pamoja na udongo magonjwa yote ya shamba la jirani. Kituo cha utafiti wa bustani cha Thika, wakati huo chini ya KARI (leo KALRO), pamoja na shirika la ISAAA, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 walianza mradi wa kupeleka migomba ya tishu kalcha kwa wakulima wadogo. Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya Thika na Ruiru, nacho kikawa na maabara yake ya kuzalisha miche. Kazi ni ile ile hadi leo: unachukua chipukizi, unaimenya hadi ubaki na ncha ndogo ya kukulia, unaiosha kwa Jik au dawa inayofanana nayo, unaiweka kwenye MS yenye saitokinini. Kila baada ya wiki nne hivi unagawa na kuhamisha. Baada ya mizunguko kadhaa unaipeleka kwenye midia ya mizizi, kisha kwenye kivuli izoee upepo na jua, maana majani yaliyokulia chupani hayajui kukauka.

Naomba niseme jambo ambalo wauzaji wa miche huliruka. Ncha ya kukulia huja bila minyoo, bila fukusi na bila kuvu ya Panama, lakini virusi ni habari nyingine. Lazima mmea mama upimwe. Na mche safi ukipandwa kwenye udongo wenye kuvu ya Panama utaugua kama wengine. Usafi wa chupa hauvuki ua wa shamba. Juu ya hayo, mche wa maabara ulikuwa ghali mara kadhaa kuliko chipukizi ya jirani, ambayo mara nyingi ni ya bure. Ndiyo maana gharama ya midia si suala la kitaalamu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapo Kahawa kabla hujafika Ruiru, walichapisha mwaka 2012 majaribio ya kukuza viazi vitamu kwa mbolea ya dukani badala ya chumvi za maabara na kwa sukari ya chai badala ya sukrosi safi, na vikakua. Mimi nilifurahi kusoma hayo kuliko habari zote za wanasayansi wa Wisconsin.

Ruiru nayo ina kisa chake, ingawa nitakipitia haraka. Kahawa iitwayo Ruiru 11 ilitolewa na kituo cha utafiti wa kahawa mwaka 1985, baada ya ugonjwa wa matunda ya kahawa (ambao Kenya iliripoti tangu 1922) kuwasumbua wakulima, hasa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ruiru 11 ni chotara, na mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Fikiria mikono mingapi inahitajika kutosheleza nchi. Kwa hiyo chupa ikawa tumaini: kata kipande cha jani, kiweke kwenye midia, kitoe viinitete. Lakini kahawa si mgomba. Ukiikata hutoa maji yanayogeuka kahawia na kuitia sumu midia yenyewe, na viinitete vyake huchukua miezi mingi kujitokeza. Namba zilizofaa tumbaku hazikuhama tu kuja Ruiru bila mjadala. Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010, si chotara wa namna hiyo. Mkulima anaweza kuipanda kwa mbegu ya kawaida.

Mpaka hapa nimezungumzia mimea, na mimea ni wageni rahisi. Wape naitreti, watajitengenezea amino asidi zao wenyewe. Seli ya mnyama haiwezi. Harry Eagle, Mmarekani, alikaa chini katikati ya miaka ya 1950 akiondoa kiungo kimoja kimoja kwenye midia ili aone seli zitakufa lini, na mwaka 1955 akatoa orodha: amino asidi 13, vitamini kadhaa, glukosi, chumvi. Toleo lake la 1959 linatumika mpaka leo. Hata hivyo orodha yake haikutosha bila kiungo kimoja zaidi: seramu, yale maji ya njano yanayobaki damu ikiganda, hasa ya ndama aliye bado tumboni. Ndani yake kuna protini zinazobeba chuma, zinazoshikiza seli kwenye kioo, na zinazoziambia zigawanyike. Seramu ni madafu ya upande wa wanyama: chakula alichoandaliwa mtoto, chenye nguvu, na kisichojulikana chote. Kila pipa lina tabia yake. Ndiyo maana maabara makini hujaribu sampuli kwanza, na ikifaa hununua akiba ya mwaka mzima ya pipa hilo hilo.

Kuchagua midia ya seli za mamalia kwa hiyo huanza na swali la seli gani. Zile zinazojishikiza kwenye kioo hupelekwa mara nyingi kwenye DMEM, iliyotokana na kazi ya Eagle. Chembe nyeupe za damu zinazoelea hupenda RPMI 1640, iliyobuniwa katika hospitali ya Roswell Park kule Buffalo katika miaka ya 1960. Rangi nyekundu unayoiona chupani ni kipimo cha asidi: ikigeuka njano, seli zimekula na kuchafua, au bakteria wamevamia. Ukiiona inageuka zambarau, hewa ya kaboni dayoksaidi imepungua, maana midia hizi hutegemea takriban asilimia 5 ya hewa hiyo ili pH isipande. Na glutamini huharibika yenyewe hata ikiwa kwenye friji, kwa hiyo chupa ya miezi mingi ni chupa ya njaa. Kwetu sisi tungesema lebo inaonyesha toleo jipya kumbe kilichomo ni cha zamani.

Je, Kenya iliwahi kufanya kitu kikubwa na supu hii? Ilifanya, tena kikubwa kuliko wengi wetu tunavyojua. Upande wa pili wa Nairobi, njia ya Limuru, kuna Muguga. Hapo, kuanzia mwaka 1956, daktari wa mifugo Walter Plowright alifanya kazi katika shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki. Adui alikuwa sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa eneo hili katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji na njaa. Chanjo za wakati huo zilipitishwa kwenye mbuzi, na baadhi ya ng'ombe ziliwaumiza. Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua kirusi kiitwacho Kabete O, kilichopatikana Kabete mwaka 1910, wakakikuza kwenye seli za figo za ndama. Figo hukatwakatwa, hutenganishwa kwa kimeng'enya, seli zikatandazwa kwenye kioo na kumwagiwa supu yake. Kirusi kikavunwa, kikahamishiwa seli mpya, kikavunwa tena. Baada ya kuhamishwa mara 90 hivi kilikuwa kimesahau namna ya kuua, lakini mwili wa ng'ombe bado ulikitambua na kujikinga.

Hebu mfikirie mtu anayepika supu hiyo mahali ambapo sotoka ipo. Seramu ya ng'ombe aliyewahi kuugua au kuchanjwa ina kingamwili dhidi ya kirusi kile kile unachotaka kukuza. Ukikosea pipa, unamwagia kirusi chako dawa yake. Kuchagua chakula na kuchagua usalama ilikuwa kazi moja.

Chanjo ile ilikuwa rahisi kutengeneza na ilikinga ng'ombe kwa maisha yake yote. Udhaifu wake ulikuwa joto, mpaka toleo lililokuzwa kwenye seli aina ya Vero mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilipoweza kusafiri wiki kadhaa bila barafu hadi kwa wafugaji wa mbali. Sotoka ya mwisho kuthibitishwa duniani ilikuwa hapa Kenya, kwa nyati wa mbuga ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 ilitangazwa kutoweka, ugonjwa wa pili tu baada ya ndui. Plowright, aliyepewa tuzo ya World Food Prize mwaka 1999, alifariki 2010, mwaka mmoja kabla ya tangazo.

Na Kabete yenyewe imeacha jina lake kwenye chupa za dunia, ingawa kwa kificho. Katika taasisi ya ILRAD (leo ILRI), Hiroyuki Hirumi na mkewe Kazuko walihangaika kukuza vijidudu vya malale na nagana, ambavyo vilikataa kuishi bila seli za mnyama kando yao. Mwaka 1989 walichapisha midia ya HMI-9, iliyojengwa juu ya ile ya Iscove ya chembe za damu, pamoja na viungo vinavyozuia amino asidi iitwayo sisteini isiharibiwe na hewa. Kijidudu hakikuhitaji ujirani wa seli, kilihitaji sisteini. Ni kisa cha Murashige tena.

Mniruhusu nirudi kwenye mabonge yangu. Nilipendekeza tuyahamishie kwenye midia isiyo na homoni, huenda yakachipua. Mama yule alikubali kwamba mengi yangechipua. Kisha akanionyesha picha ya mgomba mfupi wenye majani yaliyojikunja, uliozaliwa chupani kwa tishu iliyosukumwa sana. "Huu ulionekana mzuri hapa," akasema. "Mwenye shamba ameupalilia karibu mwaka ndipo akajua." Tukazitupa chupa zote. Nikarudisha malipo yangu, ambayo hayakutosha hata nusu ya hasara, na akina mama wa Gatanga wakapanda kwenye mvua za Oktoba badala ya Aprili, mashimo yao yakiwa yameshafukiwa na kuchimbwa upya.

Programu bado inatumika. Safu ya "kiasi" haikubali tena namba bila kipimo, na ukiandika BAP zaidi ya miligramu 10 inasimama na kukuuliza jina lako. Mama huandika "Koliflawa".